Samli Kwenye Rimu

Bayingana alikuwa mwanamume wa kung'aa. Viatu vyake ungeweza kujipakia wanja ukijitazama humo. Nywele zake, ambazo kwa umri wake zilikuwa na haki zote za kuwa nyeupe, zilikuwa nyeusi kuliko za wajukuu wake, na Batsinda nzima, mtaa anaoishi, ilijua zimetoka kwenye kopo. Yeye peke yake ndiye aliyeamini kuwa haijui. Na gari lake, Benzi nyeupe ya zamani iliyobaki naye tangu enzi zake za udereva, lilikuwa na rimu za kromu ambazo mbuzi wa jirani alikuwa akisimama mbele yake na kudhani amepata mwenzake.

Mkewe Frida alikuwa amefariki miaka kadhaa iliyopita. Sasa moyo wa mzee ulikuwa umehamia Kabuga, kwenye kibanda cha vitenge cha Jovina, mjane aliyekulia Bukoba kama yeye alivyokulia Karagwe. Walianza kwa kuongea Kiswahili tu, kwa raha ya kukikumbuka. Baadaye Bayingana akajikuta ananunua vitenge ambavyo hana wa kumshonea, na mwanamume akifika hapo, heri aseme. Akasema. Alimwomba Jovina amkubalie waoane.

Jovina hakusema ndiyo, hakusema hapana. Alikuja Batsinda mchana mmoja, akanywa chai, akatazama huku na huku sebuleni, kisha akaondoka mkimya kuliko alivyokuja. Tangu hapo kila akiulizwa alijibu, "Bado natafakari, mzee wangu."

Jambo moja alilikubali: kwenda naye kwenye sherehe ya kumwombea mchumba Hirwa, mpwa wa Bayingana. Angekaa kiti cha mbele. Mwanamke mtu mzima hakai kiti cha mbele cha mjane mwanamume mbele ya ukoo mzima kwa sababu ya kupenda upepo. Bayingana alilijua hilo, akaona jibu lake liko njiani. Kazi yake ni kulitengenezea barabara tu.

Alisikia kwamba Jovina atavaa mushanana wa zambarau, lile vazi la sherehe la kufungwa begani. Basi akaamua rimu nazo zivae zambarau.

Fundi wa rimu alikuwa Goodluck, mtu wa Mwanza mwenye banda kule Muhima, na mdomo usiopumzika.

"Mzee, nitakupaka kwenye haya mabonde ya katikati, kingo nitaziacha na kromu yake zing'ae," alisema akichuchumaa. "Lakini pale penye rangi lazima nipakwangue kwa msasa mpaka pafubae."

"Ukwangue kromu yangu?"

"Kromu ni kama kioo. Rangi haina pa kushika, inateleza tu. Sasa sema mwenyewe, unataka rangi ikae, au unataka ikusalimie na kuondoka?"

Bayingana alikubali, ila aligeuka upande wa pili msasa ulipoanza kulia, kama mtu anayechomewa mtoto wake sindano. Goodluck alikwangua, akaosha kwa thina kutoa kila uchafu, akawa anajiandaa kupuliza rangi, mara mvua ikashuka kutoka upande wa mlima Jali.

"Basi. Unyevu huu rangi haikubali. Liache gari, kesho mchana baada ya umuganda namalizia."

"Gari langu halilali kwa watu."

Goodluck alicheka, akazifunga rimu kwa magazeti. "Haya. Lakini usiguse hata kwa kidole. Mkono wa mtu una mafuta, mzee, hata wa mtu msafi kama wewe."

Asubuhi ilikuwa Jumamosi ya mwisho wa mwezi. Watu wa mtaa wakatoka kwa umuganda, kazi yao ya pamoja ya kila mwezi, na majembe na mafyekeo, wakazibua mfereji, na walipomaliza wakakusanyika kwa mkutano wao papo hapo, mbele ya lango la Bayingana. Magazeti yalikuwa yamelowa usiku na kudondoka. Gari likabaki na rimu wazi, za kijivu, zenye mikwaruzo.

Gahongayire, jirani yake wa kushoto, aliegemea jembe. "Yampayinka! Mzee Bayingana, hii gari yako iko na upele?"

Mkutano ukasahau ajenda.

"Usiiguse, itakuambukiza," akaongeza mwingine.

"Hapana, iko na kiu tu. Ngozi imekauka. Ipakeni mafuta, maskini!"

Bayingana alicheka pamoja nao, meno yote nje. Kisha akaingia ndani akachukua kopo la samli ya ng'ombe aliyoletewa kutoka Nyagatare. Samli hiyo nyumbani kwake ilitibu visigino, bawaba za milango na kikohozi. Alisubiri watu watawanyike, akainama, akazisugua rimu moja baada ya nyingine mpaka zikaanza kumwitikia. Moyo wake ukatulia. Alipokumbuka maneno ya Goodluck akachukua maji ya sabuni, akafuta, akajiambia imetoka.

"Kuna aliyegusa?" Goodluck aliuliza mchana.

"Nani aguse?"

Fundi akamwamini. Akapangusa vumbi kwa kitambaa kikavu, akaziba kingo kwa utepe wa karatasi, akapuliza rangi ya msingi, halafu zambarau, nyembamba nyembamba, akiiacha ikauke kabla ya kurudia, mwisho vanishi juu. Utepe ulipobanduliwa, hata mafundi wa mabanda ya jirani walikuja kutazama.

"Wiki nzima usioshe kwa mpira wa presha," Goodluck alionya.

Hilo Bayingana alilitii. Mtu hutii lile lisilomuuma.

Siku ya sherehe Jovina alitoka nyumbani kwake Kabuga, akalizunguka gari lote, akatazama rimu, akatazama mushanana wake, akashika kiuno. "Wewe mzee! Hivi una umri gani?"

"Umri wa kuendesha."

Alikaa kiti cha mbele. Njiani alicheka, akasimulia habari za wateja wake wanaoshika vitenge kutwa nzima na kuondoka bila hata kununua leso. Jua lilikuwa kali na lami inachoma. Walipofika, Bayingana akashuka haraka kumfungulia mlango. Jovina hakushuka mara moja. Alikuwa ameinamisha kichwa, anatazama chini kwenye gurudumu.

Rangi ilikuwa inaning'inia kama ganda la kiazi kilichochemshwa.

Aliishika kwa kucha mbili, akavuta taratibu. Ikaja yote, nzima, kwa utiifu mkubwa. Jovina akavisugua vidole vyake, akavipeleka puani. Binti aliyekulia penye ng'ombe huwezi kumdanganya kwa harufu hiyo.

"Bayingana. Hii si samli?"

Angeweza kumsingizia Goodluck. Neno lilishafika mdomoni. Lakini samli ilikuwa kwenye vidole vya Jovina. Akaeleza yote: mvua, magazeti, Gahongayire na upele wake.

Jovina alicheka hadi akajifuta macho kwa ncha ya mushanana. Halafu kicheko kikaisha, macho yakabaki yamelowa.

"Kwa hiyo ulishindwa kuvumilia siku moja watu wakuone una gari limekwaruzwa." Akalikunja lile ganda la rangi kiganjani. "Siku ile nilipokuja kwako, ukutani pale juu ya redio, palikuwa na mraba mweupe kuliko ukuta mzima. Msumari ulikuwepo. Picha haikuwepo."

Bayingana alitazama viatu vyake. Safari hii havikumsaidia.

"Nilidhani utajisikia vibaya," alisema.

"Mume wangu Ntare yuko ukutani kwangu mpaka leo. Namsalimia kila asubuhi, siku nyingine namgombeza. Nikajiuliza, mwanamume anayemshusha mkewe ukutani kwa sababu kuna mgeni wa chai, mimi atanishushia mgeni gani?"

Alikaa sherehe yote na wanawake wenzake, akapiga makofi mahali pa makofi, na jioni akarudi Kabuga kwa basi pamoja nao.

Jumatatu Bayingana alikuwa Muhima. Alianza kusema kabla hata ya salamu. "Niligusa. Niliweka samli."

Goodluck alimtazama, akatazama rimu, akaketi chini kabisa ili acheke vizuri. "Samli! Mzee, mimi nimepika rangi, wewe umekaanga!" Alipomaliza, akaondoa rangi yote, akaosha, akakwangua upya. Mvua nayo ikarudi, ikakaa. "Sasa hapa ni kungoja hali ikauke. Unaliacha?"

"Naondoka nalo hivyo hivyo."

Nyumbani aliitoa picha ya Frida chini ya mashuka ndani ya sanduku. Frida alikuwa ametabasamu kwa upande mmoja, vile alivyokuwa akimtazama kila alipochelewa mbele ya kioo. Bayingana alikaa naye kitandani muda mrefu. Kisha akamrudisha juu ya redio.

Alipokuwa anatoka langoni, Gahongayire alikuwepo, bila shaka. "Mzee, upele umerudi?"

"Umerudi, dada. Tena safari hii nautembeza mjini."

Kabuga, Jovina aliacha kukunja kitenge akatazama rimu za kijivu zikiwa zimesimama mbele ya kibanda chake, mchana kweupe. Akatazama na nywele za mzee, ambazo kwenye mizizi zilikuwa zimeanza kusema ukweli.

"Njoo unywe chai," Bayingana alisema.

Jovina alifunga kibanda mapema. Batsinda, hakungoja kukaribishwa kiti, alikwenda moja kwa moja mpaka kwenye redio.

"Anaitwa nani?"

"Frida."

"Frida, mumeo hajui kutundika picha. Umekaa upande." Akainyoosha kwa kidole, akarudi nyuma, akaipima kwa jicho, akainyoosha tena. Halafu akaukagua ukuta uliobaki, polepole, kama anayekagua doti ya kitenge kabla ya kuikata.

"Na Ntare," aliuliza bila kugeuka, "tutamtundika wapi?"

Bayingana akaenda kutafuta nyundo.