Mlima na Mashine ya Shemeji

Watu walimwita Sumaku, na jina alilipenda, maana chuma hakikumpita. Alikuwa mlinzi wa kituo cha kupimia mlima: kibanda cha mbao chini ya volkano, kompyuta moja, na nyaya zilizofukiwa zikisikiliza umeme unaotembea ardhini. Daktari wa kituo, mama wa makamo mwenye digrii nyingi na subira kiduchu, alimwambia siku ya kwanza tu: mlima ukitaka kuamka, huo umeme unaweza kubadilika kabla hata ya moshi. Kwa hiyo mtu na chuma chake asisogee ndani ya hatua mia.

Sumaku akaishika hiyo amri utadhani kazaliwa nayo. Alimvua mkurugenzi mkanda. Alimnyang'anya bibi harusi pini za nywele, na maskini alikuwa anapita tu. Mkaguzi mmoja mwenye jino la dhahabu aliruhusiwa kuingia kwa sharti asicheke.

Ila kuna kitu kimoja hakukikagua. Shemeji yake, kaka wa mkewe, alikuwa fundi wa kuchomelea mageti, na karakana yake pale chini haikuwa na umeme. Mke akanuna siku tatu mfululizo. Siku ya nne Sumaku akavuta waya kutoka kituoni, akaupitisha chini ya majani, nyumba ikatulia. Moyoni alikuwa mweupe kabisa. Amri ilisema hatua mia, na shemeji alikuwa kwenye mia mbili na kitu.

Mwezi haujaisha, mstari wa vipimo kwenye kompyuta ukaanza kuruka. Daktari akaacha hata kula. Ripoti ikaenda wizarani, redio ikatangaza watu wajiandae kuhama. Na mtu akijiandaa kuhama anafanya nini? Anaweka nondo madirishani, wezi wasimkombe. Shemeji akapata foleni ya wateja, akawa anachomelea kutwa nzima. Mstari ukaruka kama umepandwa na mashetani. Daktari akatuma ripoti ya pili. Redio ikapandisha sauti. Watu wakaagiza na mageti.

Alhamisi ikaja amri yenyewe: kesho mji wote uhamie kwenye mahema, uwanja wa mpira. Sumaku akamfikiria mama yake na yale magoti, kulala chini, choo foleni. Alikuwa bado anawaza hivyo, macho kwenye kompyuta, shemeji akasimama getini.

"Shem, nipe maji. Koo limekauka."

"Umeacha kazi?"

"Napumua kidogo. Kwani umekuwa bosi wangu?"

Mstari ulikuwa umelala chali. Shemeji akanywa, akashuka, cheche zikaanza. Mstari ukaruka. Sumaku akaukumbuka ule waya chini ya majani.

Akisema, kazi hana, na kwa wakwe hatakanyaga. Akinyamaza, mama anakwenda kulala kwenye majani. Akaingia ndani.

"Daktari, huo sio mlima. Huo ni shemeji."

"Shemeji gani?"

"Kaka wa mke wangu. Anachomelea. Umeme anakula wa kwetu, nilimvutia mimi."

"Kijana, mlima huu nimeusoma miaka kumi na moja."

"Na mimi kwao nimeoa miaka minne. Angalia."

Akasimama mlangoni, akapiga mluzi. Shemeji akaacha kazi kumtazama, cheche zikazimika, mstari ukalala. Mluzi mwingine, akarudi kuchomelea, mstari huo juu. Alirudia mara tano, mpaka shemeji akaanza kutukana kutoka huko chini.

Daktari akavua miwani.

"Nani mwingine anajua?"

"Mimi na wewe. Shemeji mwenyewe hajui."

"Waziri ameshasema redioni kwamba mstari ameuona kwa macho yake."

"Basi nikakate waya."

"Usithubutu. Mlima hauzimwi kama taa. Ukinyamaza ghafla watakuja kuuliza."

Akachukua karatasi, akaandika kwa mwandiko mzuri ratiba ya shemeji: leo, geti zima. Kesho, madirisha mawili. Jumamosi, dirisha moja, asubuhi tu. Jumapili apumzike. Jumatatu wananchi warudi.

"Na kazi yangu?" Sumaku akauliza.

"Sasa huyo shemeji yako, nikimwandika fundi wa kituo abaki, atasimamiwa na nani?"

"Na mama yangu?"

"Atahama na wenzake. Nikimbakiza asiye wa kituo, watataka kujua kwa nini."

Ijumaa Sumaku alimbeba mama mgongoni, godoro kichwani, jasho linamtiririka. Barabara nzima ilikuwa watu na ndoo.

"Wewe si unakaa na hao wa mlima," mama akamwambia sikioni. "Wanasemaje?"

"Wanasema Jumatatu tutarudi."

"Wamejuaje ni Jumatatu?"

Sumaku akaliweka godoro sawa.

"Wamesoma, mama."