Wodi Isiyo na Majina

Katika shule ya uuguzi Anastasie alifundishwa kwamba kabla ya kumchoma mgonjwa sindano, umuulize jina lake, hata kama mmejuana mwezi mzima. Sheria nzuri. Lakini Mei ya 2003, mjini Bunia, katikati ya vita vya makabila, jina la mtu lilitaja kabila lake, na kabila lilitosha kumpeleka kaburini. Basi wagonjwa wakadanganya. Katika wodi ya wanawake wawili walijiita Faida, na hakuna aliyekuwa Faida.

Jumanne asubuhi Anastasie alikuwa ameshampaka spiriti Faida wa dirishani, mama yule alipomshika mkono.

"Iko dawa gani?"

"Penisilini, mama."

"Ile ilinivimbishaka koo kule hospitali ya Fataki. Karibu nikufe."

Sindano ilikuwa ya Faida wa pili.

Anastasie aliirudisha sindano kwenye trei. Kisha akakata vipande vya plasta, akamzungushia kila mgonjwa kimoja mkononi, akaandika namba, na chini yake dawa inayomdhuru. Daftari la majina akalitia motoni, akaanza jipya lenye namba tu.

"Binti yangu," alisema Mama Martine, muuguzi mkuu, "daftari bila majina? Wakubwa watasema nini?"

"Watakuta wagonjwa wako hai, Mama. Ndipo waseme."

Alhamisi mpiganaji mmoja akaingia na bunduki, wenzake wakimngoja garini. Alidai daftari, akalifungua, akakuta namba.

"Majina iko wapi?"

"Hakuna."

"Unanichezea? Unajuaka namna gani nani anapata nini?"

"Nasoma mikono yao. Huyu, namba nane, hapati penisilini. Mengine hayanihusu."

"Weye mutoto wa masomo unajua kujibu." Akamgeukia namba nane, yule Faida wa dirishani. "Mama, ongea kidogo nisikie. Unatoka wapi?"

Wodi nzima ilijua kwamba akifungua kinywa tu, lafudhi ya kwao itamuuza. Anastasie alimpachika kipimajoto mdomoni kabla hajajibu.

"Dakika tano. Haruhusiwi kusema."

"Hii munawekaka kwa kwapa."

"Kwa wagonjwa wengine."

Mpiganaji akasimama kungoja. Dakika tano zilipokwisha, Anastasie alikisoma kipimajoto, akakikung'uta, akakirudisha palepale.

"Zebaki imekataa kupanda. Tunaanza tena."

"Unajua naweza kukupiga risasi?"

"Najua. Lakini sitakitoa."

Mkono wa Anastasie haukutoka kwenye bega la mama yule. Nje gari likapiga honi, mara mbili, kisha mfululizo. Mpiganaji akalikwapua daftari.

"Kesho tunarudia na mutu mwenye kujua sura."

Mama Martine hakungoja kesho. Alimfunga namba nane kitenge usoni kama mwenye maumivu ya jino, akawaagiza vijana wawili wamchukue kwa machela, na Anastasie akatembea kando yake mpaka kambi ya wakimbizi karibu na uwanja wa ndege. Njiani watu wenye bunduki waliwasimamisha mara moja tu. "Iko na ugonjwa wa kuambukiza," alisema Anastasie, na watu wakarudi nyuma wenyewe.

Kambini, muuguzi wa zamu, kijana aitwaye Baudouin, alishika kalamu.

"Anaitwa nani?"

"Andika kwanza kwamba hapati penisilini."

"Na jina?"

"Umuulize mwenyewe. Ukiwa peke yako."

Baudouin akaandika. Anastasie alingoja mpaka wino ukakauka, akausoma tena mstari ule, ndipo akarudi kwenye wodi yake.