Milembe Akaletwa Shikome

Kwa jina la Allah aliyeumba moto na maji, akatupa mikono ya kuvitumia. Sala na amani zimfikie Mtume wake, ambaye nyumbani alishona kiatu chake mwenyewe na utukufu wake usipungue.

Waliomo katika habari hii ni hawa. Mahona, mkulima wa pamba pembezoni mwa Bariadi, mtu wa swala tano. Milembe, mkewe, ambaye maradhi ya kupooza yalimwachia uhai, yakamnyang'anya mkono na mguu wa kuume. Mayige, kaka mkubwa wa Mahona, mkazi wa Mwandoya. Na Danford, jirani yao, Msabato.

Milembe alipougua, Mahona alishika jiko. Mwanzoni alifanya kazi kama mtu anayekimbizwa, vyombo vikigongana karoni. Milembe akamwuliza kutoka mkekani, "Mume wangu, hiyo sufuria imekukosea nini?"

"Nataka niimalize."

"Ukitawadha, huoshi uso huku moyo umekwisha kimbilia miguuni. Hapa mbona unakimbia?"

Neno hilo lilimwingia. Tangu hapo akaosha vyombo kama anayetia udhu: bismillahi kwanza, kisha kimoja baada ya kimoja, ndani na nje, bila israfu ya maji, moyo ukiwa pale pale ulipo mkono. Viazi vya michembe alivikata vyembamba akavianika uani, na Milembe akavigeuza juani kwa mkono wa kushoto, kipande kwa kipande. Mara nyingi hawakusemezana. Walikuwa pamoja, na kazi ilikuwa ndiyo mazungumzo yao.

Mtaani pakasemwa kwamba Mahona amelishwa limbwata. Habari ikafika Mwandoya.

Mayige aliingia alasiri moja. Akaandaliwa michembe iliyochemshwa, akala akashiba, kisha akatoka kukaa shikome, penye ule moto wa uani ambapo wanaume wa kaya na majirani huota na kula pamoja jioni. Chakula huletwa na wanawake, nao hurudi ndani. Mwanamke haketi hapo. Baada ya magharibi, wanaume walipokwisha kukusanyika, Mayige alisema:

"Bhebhe, wewe Mahona! Mwanamume gani anasonga ugali ilhali kaka yake yu hai? Tumekubaliana. Shemeji arudi kwa kaka zake Lingeka, wamtunze. Kuna mjane Mwandoya, ana nguvu, atashika jiko. Ukikataa, hapana mwanamume atakayenawa mikono kwenye moto wako huu. Ukivuna, utavuna peke yako. Ukizika, utazika peke yako."

Mahona aliinuka akaingia ndani, nao wakadhani amekwenda kumwambia mkewe afunge mzigo.

Akatoka amembeba Milembe mgongoni.

Akamketisha shikome, juu ya kigoda chake yeye mwenyewe. Akarudi ndani, akaleta ugali, mlenda na maji. Akapiga goti mbele ya wanaume wote, akamnawisha mkewe mkono kidole kwa kidole, bila haraka, kama kwamba hapakuwa na mtu mwingine duniani.

"Hapa ni pa wanaume!" Mayige alifoka.

"Mwenye kaya ndiye aliyenikalisha," Milembe akasema, akimega tonge. "Mwulize yeye."

"Tena anakula kwa kushoto! Tazameni!"

"Wa kuume umetangulia kupumzika, shemeji. Huu wa kushoto ndio ulioanika michembe uliyokula mchana. Sikusikia ukilalamika."

Mmoja akacheka, akajikohoza. Mayige akasimama, akakung'uta kanzu yake.

"Kaka," Mahona akasema, angali amepiga goti, "jiko hili ni la Milembe. Mimi ni mkono wake tu. Sitaoa mwingine ili nisionekane nikiosha sufuria. Swala yangu naswali mbele ya watu. Na hii nitaifanya mbele ya watu."

"Pamba ikipasuka utanitafuta!"

"Nitavuna peke yangu, polepole. Nawe ukiugua, nitakuletea uji."

Mayige akaondoka. Wengine wakainuka mmoja mmoja wakamfuata, hata wale waliokuwa wamekwisha kukunja mikono ya mashati. Akabaki Danford, amekodolea sahani macho.

"Nawe nenda, Msabato," Mahona akamwambia. "Kesho watakutenga."

"Kesho ni kesho. Sasa hivi naogopa ugali usije ukapoa." Akasogeza beseni, akamsalimu Milembe kwa Kisukuma. "Mama Milembe, mwadila. Nisogezee huo mlenda, mumeo ameukumbatia."

Wakala watatu. Na msimu ule Mahona alivuna na Danford, hakuna mwingine aliyekuja. Kazi ikachelewa, pamba nyingine ikaharibiwa na mvua. Milembe hakwenda Lingeka.

Ewe Mola uliye karibu, wanaume wakiinuka na kuondoka, wabariki wanaobaki: mwenye kunawisha, mwenye kunawishwa, na mwenye njaa asiyeona haya kuketi nao. Watilie baraka katika chakula chao, na uwape mikono isiyochoka kupendana. Amina.