Mwito Uliopokelewa Kabla ya Kutolewa

Saa tatu na dakika kumi asubuhi, Jumatatu, ukurasa wa kumi na saba wa daftari la redio ulikuwa wazi juu ya meza, na kilichoandikwa humo kilikuwa hakiwezekani.

Daftari lilitoka kwa kikosi cha kulinda amani ambacho nchi ilikipeleka ng'ambo miaka miwili iliyopita. Aliyekuwa akilisoma alikuwa mwandishi wa taarifa za haki za binadamu wizarani, mwanamke wa miaka arobaini na mmoja. Ofisi nzima ilimwita Bi Aya, kwa sababu hakuna aya iliyowahi kutoka mikononi mwake ikiwa na tarehe isiyo na ushahidi.

Tume ya kimataifa ya uchunguzi ilikuwa imeuliza swali moja. Kijiji kilichokuwa kilomita tisa kutoka kambini kilishambuliwa, watu kumi na mmoja wakauawa. Mwalimu wa kijiji alipiga simu makao makuu ya ujumbe wa amani saa tisa na dakika arobaini alasiri, na makao makuu yakapeleka mwito kambini papo hapo. Je, doria iliondoka saa ngapi? Nchi ikajibu: saa tisa na dakika hamsini.

Dakika kumi hizo zilikuwa zimepata umaarufu. Waziri alizitaja redioni. Balozi alizichapisha kwenye kijitabu cha kampeni, maana Alhamisi ya wiki hiyo nchi ingepigiwa kura kugombea kiti katika baraza la haki za binadamu. Mwalimu yeye alishikilia kwamba askari walifika baada ya zaidi ya saa moja. Kuhusu hilo, jibu la nchi lilisema "shahidi amechanganyikiwa kutokana na mshtuko". Maneno hayo aliyaandika Bi Aya mwenyewe.

Alichobakiza ni kuambatisha ushahidi. Alikuwa na kipande kilichonakiliwa, mstari mmoja tu wa kuondoka, naye hakupenda vipande. Mzee wa masijala alimletea daftari zima huku akinung'unika.

"Wenzio wakipewa paja la kuku wanakula. Wewe mama lazima umwone kuku mzima."

"Na manyoya yake, mzee wangu."

Basi manyoya yenyewe ndiyo haya. Mistari sita juu ya mstari wa kuondoka, kwa mwandiko ule ule, iliandikwa kwamba mwito kutoka makao makuu umepokelewa saa nane na dakika arobaini na mbili. Kambi ilikuwa imepokea mwito karibu saa nzima kabla mwalimu hajapiga simu. Ama walikuwa na mtabiri kambini, ama saa ya ukuta wa kambi na saa ya ukuta wa makao makuu hazikulingana.

Mwandiko aliujua. Ulikuwa wa mdogo wake.

Saa saba mchana alikwenda nyumbani. Mdogo wake, koplo mstaafu, alikuwa amekaa barazani akifungua feni iliyoacha kuzunguka. Utotoni walimwita Redio kwa jinsi alivyokuwa haishiwi maneno. Jeshi likampa redio ya kweli, na aliporudi na cheti chake cha kusifiwa kwa wepesi wa kazi, alirudi bubu. Mama alikitundika cheti sebuleni, juu ya televisheni. Redio akahamishia kiti chake barazani.

Bi Aya hakuvua hata viatu.

"Saa ya ukutani kambini ilikuwa inafuata wapi?"

Bisibisi ikasimama.

"Nyumbani," Redio akasema. "Kamanda alitaka tukipiga simu tujue nyinyi mmelala au mmeamka. Ikazoeleka. Daftari nalo likafuata saa hiyo hiyo."

"Na kule?"

"Kule wako saa moja mbele."

"Kwa hiyo kwa saa ya kule mliondoka saa kumi na dakika hamsini."

"Na dakika hamsini. Ndiyo."

Mama akatokea mlangoni na kitambaa cha vyombo mkononi. "We naye, hujamsalimia mwenzio, umeshamfungulia kesi. Njooni mle."

"Tunakuja, mama. Saa nzima na dakika nane mlikuwa mnafanya nini?"

"Tumekaa ndani ya magari. Injini zinanguruma, bunduki mapajani. Tunangoja ruhusa." Akageuza feni, akaitazama kwa nyuma. "Sharti la nchi yetu, dada. Zaidi ya kilomita tano hamtoki mpaka nyumbani waseme sawa. Nchi nyingine walikuwa wanatucheka, wanatuita watoto wa mama."

"Nyumbani nani?"

"Acha, dada."

"Miaka miwili hukusema."

"Walionijia wote waliniuliza najisikiaje. Hakuna aliyeniuliza saa."

"Mimi nakuuliza."

"Wewe ndiye niliyekuwa naomba usije ukaniuliza," Redio akasema, na akarudi kwenye skrubu.

Chakula kiliandaliwa. Bi Aya alikula vijiko vitatu, akaondoka.

Saa nane na nusu alikwenda masijala mwenyewe, akiomba daftari la maombi ya vikosi la mwaka ule. Mzee safari hii hakutania. Mwanamke aliyesimama mbele yake alikuwa na uso wa mtu anayekwenda kutambua maiti.

Siku ile ilikuwa katikati ya ukurasa. Ombi la kikosi kutoka nje ya mpaka wa kilomita tano, umbali wa kilomita tisa: limepokelewa saa nane na dakika hamsini. Ruhusa imepelekwa: saa tisa na dakika arobaini na nne. Kwenye safu ya aliyepokea kulikuwa na herufi mbili za jina la Bi Aya mwenyewe.

Alikuwa ameshika dawati hilo kwa wiki moja, mwenzake akiwa likizo ya uzazi. Maombi ya aina hiyo yaliingia matatu au manne kwa siku: kufuata maji, kufuata mafuta, kwenda kucheza mpira na kikosi cha jirani. Fomu ilichapishwa hapa hapa wizarani na haikuwa na sehemu ya kuandika sababu. Aliiweka kwenye jalada la kijani, akalipeleka kwa katibu muhtasi wa mkurugenzi. Mkurugenzi alikuwa kikaoni, na kwa utaratibu wa ofisi hakutolewa mtu kikaoni isipokuwa kwa mwito wa waziri. Jalada likangoja.

Yeye alikwenda kunywa chai. Hilo halikuandikwa popote, lakini alilikumbuka.

Kikulacho ki nguoni mwako, wahenga walisema. Hawakusema kama anayekula naye huwa anajua.

Alirudi mezani pake, akaandika upya aya ya thelathini na nne ya jibu la nchi, ile ya doria. Ilimchukua dakika arobaini. Saa kumi kasorobo aliipeleka kwa mkurugenzi, mwanamume mpole wa miaka hamsini na minane, ambaye aliisoma akiwa amesimama, kisha akaisoma akiwa amekaa.

"Kura ni Alhamisi, Bi Aya."

"Najua, bosi."

"Si ungeandika tu kwamba saa imesahihishwa, ukaishia hapo?"

"Nikiishia hapo watasema askari walilala. Hawakulala. Walikuwa ndani ya magari."

"Na tukiacha kama ilivyokuwa?"

"Mwalimu anabaki amechanganyikiwa. Niliyemchanganya ni mimi, tena kwa maandishi."

Mkurugenzi akageuza kiambatisho, akaweka kidole kwenye safu ya herufi. "Hizi ni zako."

"Zangu."

"Na kikao kilikuwa changu."

"Kimo. Aya ndogo ya pili."

"Nilijua tu kitakuwemo." Alikaribia kucheka. "Unakumbuka tulikuwa tunajadili nini?"

"Nimeangalia muhtasari. Nchi kugombea kiti cha baraza."

Mkurugenzi alivua miwani, akaipangusa kwa tai, jambo ambalo mkewe alikuwa amemkataza mbele ya watu. Nje ya dirisha mtunza bustani alikuwa akimwagilia maua yaliyozunguka mlingoti wa bendera.

"Nani mwingine anajua?"

"Koplo wa redio. Herufi zangu zilikuwa kwenye ruhusa iliyomfikia. Ni mdogo wangu."

"Amekaa nalo miaka miwili?"

"Ameninyamazia. Mimi nilidhani anaumwa."

"Labda ni yote mawili," mkurugenzi akasema. Akavuta kalamu. Kabla ya kutia sahihi aliongeza mstari mmoja kwa mkono chini ya aya: Kikao kilikuwa cha kawaida na kingeweza kusimamishwa. Akamrudishia karatasi. "Chapa na hiyo. Waziri nitamwambia mwenyewe. Wewe nenda nyumbani."

Jibu lililosahihishwa lilitumwa saa kumi na moja kasoro dakika tano. Risiti ya tume ilirudi baada ya dakika sita.

Nyumbani feni ilikuwa inazunguka. Bi Aya alikaa barazani, kwenye ngazi, chini ya kiti cha mdogo wake.

"Nimeandika."

"Umejitaja?"

"Kwa cheo na kwa saa."

"Dada, kazi utapoteza."

"Huenda. Mkurugenzi naye kajitaja. Tutakwenda kufungua genge la nyanya."

"Na wewe upange nyanya kwa tarehe," Redio akasema. Mama, aliyekuwa ndani, aliacha alichokuwa akifanya, kwa kuwa alikuwa hajasikia mzaha kwa sauti ile kwa muda mrefu.

Jumanne asubuhi tume iliomba kumsikiliza koplo. Mchana, waziri aliagiza kijitabu cha kampeni kiondolewe ubalozini. Sharti la kilomita tano halikuguswa.

Jumatano saa nne kamili, Redio aliketi mbele ya kamera katika chumba cha mikutano cha wizara, akiwa na shati jeupe alilopigiwa pasi na mama yake. Kamera haikumfikia Bi Aya, aliyekaa karibu na mlango. Kwenye kioo cha kompyuta kulikuwa na mwenyekiti wa tume upande mmoja, na upande wa pili mwalimu, mtu mwembamba mwenye daftari la shule mbele yake.

Mwenyekiti aliuliza jina, akauliza namba ya jeshi, kisha akauliza doria iliondoka saa ngapi.

"Kwa saa ya ukuta wetu, saa tisa na dakika hamsini," Redio akasema. "Kwa saa ya mwalimu, saa kumi na dakika hamsini. Saa ya mwalimu ndiyo iliyokuwa sahihi."

Mwalimu aliomba arudie. Redio akarudia, na mwalimu akaandika.