Kwaya Isipande

Muungwana akivuliwa nguo husimama. Najua mlifundishwa kwamba huchutama, na mimi nilifundishwa hivyo hivyo, lakini anayechutama hawezi kuziba njia, na Jumapili ile nilitakiwa kuwazibia njia watu ishirini na wawili.

Nianze Jumatano, siku nne kabla ya Jumapili ya kwanza ya Majilio.

Kigango chetu cha Mtakatifu Zita ni nyumba kongwe ya mfanyabiashara iliyogeuzwa kanisa, ndani kabisa ya vichochoro vya Mji Mkongwe. Kuta ni za mawe na chokaa, na juu ya mlango mkuu imepita roshani ya mbao ambayo ndiyo mahali pa kwaya. Miezi mitano kwaya iliimbia chini, kwa sababu boriti saba zinazoibeba roshani zilikuwa zimeliwa na mchwa. Waumini tukachanga, boriti mpya za mkoko zikaletwa, Fundi Anselmi akafanya kazi, akapaka rangi, akatukabidhi. Jumapili ya kwanza ya Majilio ni mwaka mpya wa Kanisa, na tulikubaliana kwamba siku hiyo kwaya irudi juu.

Kazi yangu pale ni ya sakristia: vitambaa, mishumaa, kukwangua nta. Alasiri ile Padri Gervasi alikuwa aungamishe watu, na kanuni yetu ni kwamba Padri akiketi kuungamisha, kila asiyeungama anatoka nje, uani. Mimi niliingia mapema kwenye stoo iliyo chini ya ngazi kutafuta vitambaa vya zambarau, nikavuta mlango kwa ndani. Sikuwa na wasiwasi. Kiti cha Padri hukaa kona ya mbele, penye sanamu ya Bikira Maria, mbali kabisa na stoo.

Lakini mvua ya vuli ilishuka, paa likavuja kwenye kona ile, na Padri akabeba kiti chake mwenyewe akatafuta pakavu. Pakavu palikuwa ubavuni mwa mlango wa stoo.

Nilisikia kiti kikiburuzwa, nikadhani ni mtu anafagia. Kisha nikasikia magoti yakigusa sakafu.

"Unibariki, Padri, kwa kuwa nimekosa."

Hapo ndipo nilipotakiwa kutoka. Nakiri. Nilisimama nimekumbatia kitambaa, nikajiambia nikitoka nitamwaibisha mtu huyu, heri nizibe masikio. Nikaziba. Lakini Fundi Anselmi kazoea kusema juu ya kelele za msumeno, na hata akinong'ona ukuta unamsikia.

"Boriti sikuzibadilisha, Padri. Nlibadilisha mbili tu za mwanzo, zile zinazoonekana mlangoni. Nyengine nlizipeleka kwenye kazi ya hoteli, nikasema ntarudisha. Hizi za zamani nikazijaza unga wa mbao na gundi, nikapaka rangi."

Mvua ilikuwa inapiga bati la jirani.

"Kwaya inapanda Jumapili," alisema.

"Najua, Padri. Ndo mana silali."

"Basi nenda ukaseme. Leo. Usipokusudia kurekebisha, siwezi kukuondolea dhambi."

"Ntasema, Padri. Wallahi ntasema."

Alikuwa wa mwisho. Nilikaa gizani mpaka nyayo zote zikaisha, kisha nikatoka. Nilitazama juu. Boriti saba zilikuwa zinang'aa kama meno mapya.

Kilichonitia hofu si boriti peke yake. Mimi ndiye niliyewafundisha watoto wa Komunyo ya Kwanza siri ya kitubio. Niliwaambia kwa mdomo wangu: padri akitoboa siri hiyo amekwisha, na mtu mwingine yeyote aliyeisikia, hata kwa bahati mbaya, naye amefungwa, na akiifungua Kanisa linaweza kumtenga. Watoto walitumbua macho. Sasa yalikuwa yangu yaliyotumbuka.

Alhamisi nilingoja Fundi aseme. Hakusema. Mzee Makungu, mwenyekiti wa kigango, alipita kanisani akitundika taji la Majilio huku akipiga mluzi. Mtu aliyeambiwa kwamba roshani yake ni unga wa mbao hapigi mluzi.

Nikamfuata Padri Gervasi ofisini.

"Tumsifu Yesu Kristo, Padri."

"Milele amina. Skolastika, mbona umepauka?"

"Jana nilikuwa stoo. Mlango ulifungwa. Na kiti chako—"

Aliinua mkono kabla sijamaliza.

"Usiendelee. Sijui unazungumzia nini, na sitajua. Nikukumbushe katekisimu tu: anayesikia asichostahili kusikia, kimemfunga kama kinavyomfunga padri."

"Na watu wakifa?"

"Sijui unazungumzia nini."

"Hata kuwaambia waimbie chini? Kwa sababu yoyote, Padri, useme tu joto kali huko juu."

Alitazama dirisha. Alipoongea tena sauti yake ilikuwa ndogo, kama ya mtu anayejifunza kusoma.

"Padri haruhusiwi kutumia alichokisikia. Haruhusiwi hata kuinua macho mahali ambapo jana hakuinua. Nakufundisha tu. Nenda ukasali, binti yangu. Na mimi nasali."

Niliondoka nikiwa na hofu zaidi ya nilivyokuja, maana nilikuwa nimeona mtu mzima anaogopa kuliko mimi.

Usiku huo nyumbani kwetu Michenzani mama alikuwa anakunja upindo wa sare yake mpya ya kwaya. Mama yangu, Bi Restituta, ameimba sauti ya pili miaka thelathini. Jirani yetu Nasima alikuwa ameketi kwenye mkeka, anamsaidia kutunga uzi sindanoni.

"Ntasimama mbele kabisa, kwenye kizuizi," mama alisema. "Nasima, ungekuwa waja kanisani ungeniona."

"Nitakusikia mpaka hapa, Bi Resti. Mwenyewe mnene, sauti nene."

Wakacheka. Mama akajipiga paja. "Kweli, nimenenepa. Hiyo roshani itanijua mimi ni nani!"

Nilikwenda jikoni nikafungulia maji yaende, wasinisikie nikilia.

Ijumaa nilikwenda Mwanakwerekwe, kwenye karakana ya Fundi Anselmi. Nilimkuta anapiga randa mlango wa mtu, vumbi limemjaa nyusi.

"Shikamoo, Fundi."

"Marahaba, Skola. Umepotea huku?"

"Nimekuja kuuliza kama roshani iko tayari. Kama kuna jambo la kumwambia Mzee Makungu, niende nalo."

Randa ilisimama. Alinitazama, kisha akaanza tena, polepole.

"Iko tayari. Hata tembo na apande."

"Na Klaudia ataongoza sauti ya kwanza?"

Klaudia ni binti yake, na ndiye sauti yetu bora. Fundi alipuliza vumbi juu ya ubao ambao haukuwa na vumbi.

"Klaudia ana mafua. Nimempeleka Bububu kwa shangazi yake, apumzike mpaka Jumatatu."

Jumamosi asubuhi simu yangu ililia. Ulikuwa ujumbe wa sauti wa Klaudia, analalamika: "Skola, hivi baba ana nini? Kanileta Bububu kwa nguvu, ati naumwa. Mimi mzima kabisa! Kaniapisha nisikanyage kanisani Jumapili. Nani ataimba nyimbo zangu?"

Nilisikiliza mara tatu. Alikuwa amemtoa wake. Wetu aliwaacha wapande.

Jumapili nilifika mapema nikiwa na kisu changu cha kukwangulia nta. Mshumaa wa kwanza wa zambarau niliuweka kwenye taji ukaanguka, nikauweka ukaanguka, mpaka Mzee Makungu akaniuliza kama nimekunywa chai. Saa mbili kasorobo kwaya ilijipanga chini ya ngazi. Nilipanda vidato vinne, nikageuka, nikanyoosha mikono yote miwili mpaka kwenye kuta.

"Kwaya isipande," nikasema.

"Kwa nini?" aliuliza mwalimu wa kwaya.

Nilikuwa nimepanga uongo. "Kuna nyuki juu."

"Nyuki gani? Jana jioni tumeweka viti huko."

"Wameingia leo."

Watu wakacheka. Mtu nyuma akasema, "Skola kaogopa kufagia huko juu tu, mpisheni malkia wa nyuki."

Mama alisogea mbele, sare imenyooka, kitabu cha nyimbo kifuani. "Mwanangu, hebu nipishe. Watuaibisha."

"Mama, usipande."

"Nshakwambia nipishe."

Niligeuka nikaichoma boriti ya tatu kwa kisu. Kiliingia mpaka kwenye mpini, laini, bila sauti, kama nimechoma boga. Unga ukamwagika begani kwangu. Vicheko vikakoma, na kwa pumzi moja nilidhani nimeokoka, sitalazimika kusema zaidi.

Lakini Fundi Anselmi alikuwa amesimama mlangoni. Alikuja haraka, anatabasamu, jasho linamtiririka.

"Pale palikuwa na tundu, nikapaziba. Ni juu juu tu. Ndani mkoko mtupu, mtu asitishike. Nyinyi mwanijua mimi miaka mingapi?"

Walimjua miaka mingi, na mimi ni msichana mwenye kisu kanisani. Mwalimu wa kwaya akanishika kiwiko kwa upole akanisogeza ubavuni. Mama akaweka mguu kwenye kidato cha kwanza. Cha pili. Nyuma yake wenzake wakaanza kupanda, na ngazi ikalia.

Kwenye mlango wa sakristia niliona joho la zambarau. Padri Gervasi alikuwa amesimama, ametazama sakafu, midomo inacheza. Hakuinua macho.

Mama alifika kidato cha nne, bega lake likagusa bega langu.

"Boriti hazikubadilishwa," nikasema. "Mbili tu. Nyingine zimejazwa unga wa mbao. Nimemsikia Fundi Anselmi mwenyewe akimwambia Padri Jumatano kwenye kitubio. Nilikuwa stoo. Nimesikia kwa masikio yangu, na binti yake amemficha Bububu."

Mama alibaki na mguu hewani. Kisha akashuka kinyumenyume, kidato kwa kidato, mkono ukutani, na wenzake waliomfuata wakashuka pia. Fundi Anselmi aliketi chini palepale mlangoni, akafunika kichwa kwa mikono. Kwaya iliimbia chini. Roshani haikuanguka, na wakati wa Komunyo nilibaki benchini, kwa kuwa nilijua nilichofanya.

Jumanne Mzee Makungu alimleta fundi mwingine, Ayoub, afungue kazi ile. Boriti nne zilimvunjikia mkononi. Ya tano iliachia ukuta kabla hajaigusa. Ayoub alitoka nje, akanawa uso, akauliza watu wangapi walikuwa wapande.

Mngedhani yameisha hapo. Jumatano Padri Gervasi aliketi kuungamisha, na hakuja mtu. Bi Agripina, ambaye hajakosa wiki hata moja tangu nizaliwe, alifika mpaka kizingitini, akautazama mlango wa stoo, akarudi kwake. Padri alikaa peke yake mpaka jua likazama, kitabu mapajani, katika wiki ambazo kila Mkatoliki anatakiwa kuisafisha nafsi yake. Nilimwona kwa dirisha la uani. Hicho kimeniuma na kinaniuma.

Jumamosi halmashauri ya kigango iliniita. Walikuwa wameketi uani kwenye mabenchi, Padri pembeni, mama miongoni mwa kwaya. Fundi Anselmi alikuwepo pia. Yeye alishasimama akakiri mbele ya wote, akaahidi boriti, akasamehewa, watu wakamshika mkono.

"Kuhusu boriti hakuna anayekupinga," alisema Mzee Makungu. "Umeokoa watu. Lakini umetoboa siri ya kitubio hadharani, na sasa waumini wanaogopa kuungama. Kesho, Jumapili ya pili, simama kwenye mimbari, uombe radhi kwa waumini na kwa Fundi kwa kuitoa siri. Ukifanya hivyo, Padri atakuandikia kwa Askofu, utarudishwa kabla ya Krismasi. Usipofanya, ufunguo wa sakristia unautoa leo, na Komunyo hupokei."

Nilimtazama Padri. Alikuwa anatazama viatu vyake.

"Mwanangu," alisema mama, na sauti yake ya pili ilipasuka, "sema tu. Neno dogo. Mimi nitakufa siku moja, nataka unizike ukiwa ndani ya Kanisa."

Hapo ndipo nilipoogopa kuliko siku zote nne za kwanza. Naogopa kutengwa. Naogopa kuugua nikamwita padri asije. Nilikuwa natetemeka mpaka funguo zikawa zinalia mkononi, na kila mtu alizisikia.

"Nimefundisha katekisimu," nikasema. "Anayeomba radhi anakusudia kutorudia. Mkinirudisha stoo, nikasikia maneno yale yale, na mama yangu akaweka mguu kwenye ngazi ile, nitasema tena. Nitasema mapema zaidi, sitangoja kidato cha nne. Kwa hiyo kesho nikisimama kwenye mimbari nitakuwa nadanganya mbele ya altare."

"Skolastika," alisema Mzee Makungu, "tunakuuliza kwa mara ya mwisho."

Niliweka funguo juu ya benchi, mbele yake.

"Siombi radhi."