Viazi Juu ya Kaburi la Muturi

Wamuyu alikuwa amemaliza kukamua na kuchuja maziwa aliposikia pikipiki mbili zikizimwa getini. Chai hakuimimina. Alifunga kitambaa kichwani vizuri, akachukua jembe, akatoka.

Wiki hiyo serikali ilikuwa inaandika historia ya kijiji cha Mutamaiyo. Pande mbili za kijiji zimegombania ardhi hiyo tangu mzungu aondoke, kwa hivyo naibu wa chifu, Naftaly, alisema wazi barazani: kila boma lionyeshe kaburi la kabla ya mwaka wa themanini. Lenye kaburi litaingia kwa rejista, na rejista ndiyo italeta hati ya shamba. Lisilo na kaburi ni la mgeni, na mgeni atatafuta kwao.

Muturi, mume wa Wamuyu, alizikwa hapo mwaka wa sabini na saba. Shida ni kwamba kaburi halionekani. Mwaka wa tisini na mbili, vita vilipokaribia, watu wa upande huu waling'oa misalaba wenyewe, wakasawazisha makaburi na kupanda viazi juu, wachomaji wa nyumba wasije wakayafukua. Vita vilipoisha hakuna aliyethubutu kurudisha misalaba. Viazi vikavunwa, vikapandwa tena, mara mbili kwa mwaka, miaka zaidi ya thelathini.

"Shosh, ni wapi?" Naftaly alimuuliza bibi huyo. Alibeba kitabu kikubwa cha jalada jeusi, na alikanyaga matope kwa ncha za viatu. Nyuma yake alikuwa Kipyegon, jirani wa ng'ambo ya ua, aliyechaguliwa na upande ule mwingine kuwa shahidi.

Wamuyu alisimama kwenye pembe ya jikoni, akahesabu hatua thelathini kuelekea ua wa miiba, akalima. Udongo mweusi, viazi vidogo, minyoo. Akasogea hatua mbili. Udongo tu.

"Hii jikoni ni mpya," alisema. "Ile ya kwanza ilichomwa. Ilikuwa imekaa huku kidogo... ama huku."

"Kwani mzee wako alihama?" Kipyegon alicheka.

"Nyamaza wewe. Mimi ndiye nilikukata kitovu."

Kipyegon akaacha kucheka. Naftaly aliangalia saa. "Shosh, leo tuna maboma kumi na mawili. Niandike hakuna?"

Wamuyu alilima mara ya tatu, haraka. Hakukuwa na kitu. Hapo ndipo ua ulipotikisika, na Chepkosgei, mama yake Kipyegon, akapenya kwenye pengo ambamo yeye na Wamuyu hupitishiana chumvi na makaa ya moto.

"Mama, rudi nyumbani," Kipyegon alisema. "Hii si maneno yako."

Chepkosgei alimpita kama anayepita mti. "Mama Kamande, umepotea," alimwambia Wamuyu. "Si tulipima kutoka kwa kisima, siku ile ya kusawazisha? Mimi ndiye nilishika kamba." Alianzia kisimani, akatembea katikati ya matuta, midomo ikihesabu, akasimama. "Ni hapa."

Wamuyu alichimba. Karibu na kina cha goti, jembe liligonga. Mawe bapa, yamelala moja kando ya lingine, vile alivyoyapanga mwenyewe kuzuia fisi, nywele zake zikiwa bado nyeusi. Alipiga magoti, akapangusa la kwanza kwa kiganja.

"Huyu ndiye Muturi."

Naftaly alichungulia. "Mawe ni mawe, shosh. Hata choo kina msingi wa mawe. Toa tuone mifupa."

 Wamuyu akaanza kurudisha udongo kwa mikono.

"Tulimficha asifukuliwe na watu wenye mishale," alisema. "Sitamfukulia mtu mwenye peni."

"Sawa." Naftaly aliandika huku akisoma kwa sauti. "Boma la tisa. Hakuna kaburi." Akageuza ukurasa. "Na la kumi ni lenu, Kipyegon? Kaburi?"

"Si ndilo hilo la taili."

Kupitia pengo la ua lilionekana liking'aa, taili nyeupe na buluu, zilizobandikwa juzi tu, baada ya baraza. Naftaly hakusogea. Alianza kuandika palepale aliposimama.

"Ngoja," Chepkosgei alisema. Aliokota jembe la Wamuyu, akamnyooshea mwanawe mpini. "Na kwetu uchimbe. Vunja hizo taili, utoe mifupa ya babu yako, mkubwa aone."

"Mama!"

"Kama mawe ya Muturi hayatoshi, taili zinatosha vipi? Shika."

Kipyegon alitazama pembeni. Mpini ulibaki hewani, na mkono wa mama yake haukushuka.

"Haina haja, mathe," Naftaly alimwambia mama huyo. "Lenu linaonekana hata kutoka barabarani. Nishaandika."

"Basi futa."

"Peni haifuti."

Alifunga kitabu, akauliza njia ya kwenda boma la kumi na moja.