Mabawabu wa Lundamo

Lundamo ni nchi iliyolala juu ya uwanda mrefu, imezungukwa na milima pande zote, na ukungu wake huwa mzito kiasi kwamba asubuhi watu husalimiana kabla hawajaonana. Zamani ilikuwa na wafalme, lakini wafalme waliisha mmoja mmoja, na waliobaki na nguvu ni mabawabu, watu ambao kazi yao ya asili ilikuwa kumfungulia mgeni anayebisha. Biashara ilipohamia mtandaoni, na wanunuzi wa ng'ambo ya milima wakawa wanalipa kwa kadi, mabawabu waligundua kwamba hakuna malipo yanayoweza kuingia Lundamo bila mtu wa kuyafungulia. Wakajenga malango ya malipo, wakajipa vyeo, wakanenepa. Mkubwa wao aliitwa Mtukufu Zumburo. Alikuwa na kasri la ghorofa tisa, na wenye maduka waliokwenda kumsalimu walitoka humo kinyumenyume, wakiinama.

Chini ya kasri hilo, mtaa wa Sufini, aliishi Bi Tatuna, mshonaji wa mito. Yeye, mumewe Kiloso na wanawake tisa wa mtaa walichambua sufi kwa vidole mpaka isibaki hata mbegu moja ya kumchoma mtu shavuni. Lakini mito ya sponji ilikuwa imejaa mjini, na wanawake wale tisa walianza kuulizana kwa kunong'ona nani atakuwa wa kwanza kuambiwa abaki nyumbani. Ndipo Rehuna, binti yao aliyeolewa ng'ambo, alipowafungulia duka mtandaoni, akaweka picha ya mito ikiwa imepangwa kwenye kitanda cha wazazi wake. Wiki ya tatu ikaingia oda: nyumba moja ya wageni ilitaka mito sitini, ingelipa kwa kadi, na ikifika Ijumaa hawajapata njia ya kulipa, wangenunua kwingine.

Duka halikuwa na lango.

"Twende kwa Zumburo," Kiloso alisema. "Jina lake linajulikana mpaka ng'ambo."

"Twende, baba Rehuna. Ila nina swali moja nitamwuliza."

Walipokelewa na karani mwenye tai ya hariri, aliyewaeleza makato kwa sauti laini kama anawabembeleza. Tatuna alipopiga hesabu yake, akaona ni mto mmoja katika kila minane.

"Mteja akilipa na pesa zisinifikie," aliuliza, "nampigia nani?"

Karani akatabasamu. "Mama, kwetu hakuna haja ya simu. Mfumo unajua kila kitu."

"Huyo Mfumo anakaa ghorofa ya ngapi?"

Karani akamwita mteja aliyefuata. Wakatoka.

Lango la pili liliandikwa BURE kwa herufi ndefu kuliko mlango wenyewe. Kwenye ukumbi wake walimkuta muuza viatu amekaa sakafuni, bahasha kifuani, mwezi wa nne huo akisubiri malipo yake yaachiliwe. "Kuingia ni bure kweli, dada," aliwaambia. "Mimi nimeshindwa kutoka." Tatuna hakuona haja ya kuuliza swali lake.

La tatu lilikuwa chumba kimoja nyuma ya mashine ya kusaga, karatasi zote zimepakwa unga. Mwenyewe, Bi Shangwina, bawabu ambaye mabawabu wenzake hawakumwalika hata harusini, hakuinua kichwa.

"Makato yameandikwa ukutani. Pesa inafika siku ya pili. Isipofika, njoo unigombeze, nipo mpaka saa kumi na moja."

"Na mteja akidai kwamba hakununua?"

"Nitakuuliza wewe, nitamwuliza yeye, kisha nitaamua. Na si lazima uupende uamuzi wangu."

Tatuna aliipenda sentensi hiyo ya mwisho kuliko zote alizosikia siku ile.

"Unaacha kasri unakwenda kwenye pumba," Kiloso alinung'unika njiani.

"Kasri halikunijibu."

Mumewe alikung'uta unga kwenye shati lake. "Haya, mama Rehuna. Mimi nilichagua mke tu, nikapatia. Mengine chagua wewe."

Alhamisi mchana malipo ya mito sitini yalipita, na Sufini nzima ikasikia vigelegele. Muuza viatu akahamia kwa Shangwina, wakafuata wasusi na wauza kahawa.

Zumburo alipopata habari hakupunguza makato. Aliamuru lango lake litiwe Kitasa cha Mashaka, kilichoizuia kila kadi iliyowahi kupita lango la mwingine, mpaka muuzaji aliyelipwa kwa kadi hiyo aseme anamtambua mwenye kadi. Kitasa kilifanya kazi kwa bidii ya kutisha. Kiliwazuia wafanyabiashara, kikawazuia mahakimu, na kila mtu alipolalamika, Zumburo alisema huo ndio usalama.

Kisha mkewe, ambaye shingo ilimsumbua kwa miaka, akanunua mto wa sufi kwa Tatuna, kwa kadi ya mumewe, kupitia lango la Shangwina.

Siku tatu baadaye Mtukufu alishuka Sufini kwa miguu, maana gari lilikosa mafuta na Kitasa, kisichomsikiliza hata yeye, kilikuwa kimeizuia kadi yake. Kiloso alimpa kigoda na kikombe cha uji. Zumburo aliunywa wote, akatoa simu, akaiweka katikati ya marundo ya sufi.

"Waambie unanitambua," alisema. "Basi, nitaondoka."

"Lakini aliyenunua ni mkeo, Mtukufu. Wewe sijawahi kukuona."

"Bi Tatuna, nakuomba."

Sauti ya Kitasa, ya kike, tulivu, isiyo na uso, ikatoka kwenye simu: "Muuzaji, je, unamtambua mwenye kadi?"

Mikono ya wanawake tisa ilisimama. Tatuna aliweka sindano chini, akamsogelea. Alimwona mzee mwenye macho mekundu ya kukosa usingizi, nyuzi za sufi zimemganda kwenye nyusi, uji kidogo kidevuni. Alitamani kumfuta.

"Muuzaji, je, unamtambua mwenye kadi?"

"Subiri, mwanangu," Tatuna aliijibu simu. "Ndiyo kwanza namwangalia."